Hina ya Arobaini

Harufu ya hina iliyotoka kutwangwa, ikakandwa kwa maji ya ndimu, hunitoa mahali popote. Harusini wenzangu hunyoosha miguu wapambwe, mimi hukumbuka ghafla kwamba nina shughuli jikoni. Wajukuu wangu husema bibi ana maringo. Sijawahi kuwasahihisha. Nikiwakataza kumpaka mtoto mchanga hina, hunitii tu, na sababu hawaiulizi. Lakini sasa nimezeeka, na jambo hili silitaki kwenda nalo kaburini, kwa hiyo nitawaeleza nyinyi.

Tulikaa Likoni, katika nyumba ya makuti iliyopakana ua na nyumba ya Bi Mishi. Baba alikuwa kibarua bandarini. Alivuka kwa feri alfajiri, na magharibi alirudi nguo zikinuka magunia ya kahawa. Ilikuwa miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru. Watu wazima walibishana barazani ni bendera gani itakayopepea huku pwani, nasi watoto tulishangaa watu wenye ndevu kugombania kitambaa.

Bi Mishi alikuwa mjane, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Utange. Kazi yake ilikuwa kupikia watu shughuli. Palipokuwa na harusi au hitima, yeye ndiye aliyeitwa, na mimi nilimfuata kama mkia. Nyumbani kwetu nilikuwa binti mkubwa, mwenye ndoo za maji na wadogo wawili wa kuwaogesha. Kwake nilikuwa mgeni wa heshima. Aliniita nami nikaitika "abee" kwa sauti ya juu, maana nilijua kuna ukoko wa wali umewekwa kando.

Siku moja aliletewa nyama ya beberu mzee, ngumu hata kisu kilikuwa kikiteleza. Nilidhani atailalamikia. Yeye aliangua papai bichi, akalikwaruza, akaipaka ile nyama utomvu na vipande vya papai, kisha akaifunika na kuketi. Baada ya muda aliniambia niibonyeze, na kidole changu kikazama.

"Wallahi, moto hatujauwasha na kazi ishaanza," alisema.

"Nani anayeifanya, Bi Mishi?"

Alinipa kipande cha muhogo wa kuchemsha. "Tafuna, usimeze. Tafuna mpaka nikwambie." Nilitafuna hadi taya zikachoka. "Wasikia nini?"

"Utamu."

"Nani katia sukari humo?"

Nilimtazama mikono. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la leso. "Papai lina wapishi wake, na mwili una wapishi wake, mwanangu. Wamo kinywani, wamo tumboni, wamo mpaka damuni. Wengi hao, na hata siku moja huwasikii wakigombania sufuria."

Baadaye nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilifundisha sayansi miaka mingi. Kitabu kiliwaita wapishi hao vimeng'enya. Kilisema kila kimoja kina kazi yake moja, kuvunja hiki au kuunga kile, na kwamba chakula hakigeuki nguvu wala nyama ya mwili bila wao. Nilisoma nikatabasamu. Kila mwaka nilikwenda darasani na muhogo wa kuchemsha kwenye kikapu, nikawaambia watoto watafune wasimeze, na kila mwaka palikuwa na mmoja aliyemeza.

Lakini nimekimbilia mbele. Nilipokuwa na miaka tisa, mama alijifungua mtoto wa kiume baada ya sisi mabinti watatu. Aliitwa Salim. Baba aligawa tende nyumba kwa nyumba, na nyanya, mama yake mama, alihamia kwetu kumlea mzazi. Mimi nilimpenda Salim mapenzi ya kijinga. Nilikuwa nikimnusa utosini mpaka nyanya akaniuliza kama nataka kummaliza.

Siku ya arobaini mama alioshwa, akavishwa leso mpya, akafukizwa udi. Hina ilitoka kwenye mti wa uani kwa Bi Mishi. Aliichuma mwenyewe, akaitwanga mwenyewe, akamchora mama miguu yote miwili. Bakulini pakabaki kiasi.

"Mtie na mtoto nyayoni," nyanya aliniambia, "apate baraka."

Wanawake waliingia ndani kula. Nilibaki na Salim mkekani na lile bakuli. Nilimtia nyayoni, kisha viganjani. Hina ilikuwa bado tele na yeye alikuwa ametulia, kwa hiyo nilipanda hadi magotini, nikampaka tumbo, nikamgeuza nikampaka mgongo. Nilimfunga kwa kitambaa nikamwimbia mpaka ikakauka. Nyanya alipomfungua alipiga ukelele. "Hebu njooni mumuone bwana harusi!" Mama alikuja, akacheka huku ameshika mbavu. Hakuna aliyenigombeza. Nilisifiwa, na nilijiona fundi.

Bi Mishi ndiye aliyemnyanyua. Alimuinua juu, Salim mzima rangi ya chungwa, akasema, "Huyu mzuri jamani! Natamani nimle mzimamzima!" Akambusu tumboni, akanirudishia.

Siku ya pili Salim alilala kupita kiasi, na akiamshwa anyonye alishika titi kidogo akaliacha. Mama aliona ngozi imekuwa manjano. "Ni hina tu hiyo," alisema, nami nikadakia, "Hina yangu hiyo!" kwa majivuno. Siku ya tatu nilikuwa nikifua winda zake kisimani. Maji yalitoka rangi ya chai isiyo na maziwa. Nikafikiri hina inachujuka. Nilisuuza, nikaanika, sikumwambia mtu.

Nyanya ndiye aliyempeleka mtoto mlangoni penye mwanga, akamfunua kope. Macho nayo yalikuwa manjano, na macho hayakupakwa hina. Viganja, chini ya ile rangi, vilikuwa vyeupe kama unga. Nyanya alifukiza ubani, akatuma aitwe mwalimu wa chuo cha Kurani aandike kombe, aya kwenye sahani, Salim akapanguswa kwa maji ya kuzioshea. Baba aliporudi alimtazama mara moja tu, akamfunga kwa leso na kurudi naye kivukoni, mama akimfuata miguu mitupu, hina yake bado imekolea.

Hospitali waliambiwa damu imemwishia mtoto. Imekwendaje, wakati hana kidonda? Salim alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Baba alivuka naye tena, safari hii akimrudisha kuzikwa. Nilimuona alipoletwa. Nyayo zake zilikuwa bado na rangi yangu.

Msiba una kawaida ya kutafuta wa kulaumiwa. Siku ya pili ya matanga Bi Mishi alikuja na sufuria ya wali kichwani, na hakuna aliyesogea kumpisha mkekani. Alisimama. Nyanya alimuuliza mbele ya wanawake wote, "Mishi, siku ile ulipomsifu mtoto, ulisema mashallah?"

Bi Mishi aliishusha ile sufuria polepole. Angeweza kusema ndiyo na mambo yakaishia hapo. Alisema, "Sikumbuki, dada. Wallahi sikumbuki."

Nyanya aligeuka kunitazama. "Wewe ulikuwapo. Alisema?"

Nilikuwa nimefunzwa kwamba mtoto mwema hadanganyi, zaidi pale palipo na msiba. Na kweli nilikumbuka maneno yote: mzuri jamani, natamani nimle. "Hakusema," nilijibu.

Hakuna aliyemtukana. Sufuria ilibaki palepale, na jioni kuku walimwagiwa wali ule. Mama alijifunika uso. Tangu hapo watu hawakumwita tena Bi Mishi kwenye shughuli, maana nani ampe mwenye kijicho chakula cha wageni akipike? Wenye watoto wachanga walikuwa wakiwafunika alipopita. Hakumaliza mwaka. Alifunga vyombo vyake, akahamia Utange kwa binti yake. Sikwenda kumuaga. Nilichungulia uani nikaona mti wa hina umebaki peke yake, nikasikia moyo umenyongea, lakini nilijiambia nimesema kweli.

Miaka ilipita zaidi ya ishirini. Niliolewa, nikajaaliwa mtoto wa kiume, Hamisi. Alipokuwa na miaka sita alishikwa na homa, akapewa vidonge, na siku ya pili alikojoa. Niliutazama ule mkojo. Rangi ile nilishaifua kwa mikono yangu kisimani.

Nilikimbia naye hospitali nguo za ndani ya nyumba nimezivaa. Walimtia damu. Alipopata nafuu, daktari, kijana mpole, aliketi nami. Alisema ndani ya zile chembe nyekundu za damu kuna kimeng'enya kinachozilinda. Mwili unapovunja chakula na dawa, mara nyingine hutoka vitu vikali vyenye kuunguza, na mlinzi huyo ndiye anayevizuia. Hamisi alizaliwa na mlinzi dhaifu. Siku nyingi haionekani. Lakini akipata dawa za aina fulani, chembe hupasuka kwa maelfu, wekundu wake ukatoka kwenye mkojo, manjano ikabaki machoni. Udhaifu huo, alisema, mama humpitishia mwanawe wa kiume, na mama mwenyewe asiugue kamwe.

"Kwenu yuko mwingine aliyepatwa na hali hii?"

Nilimsimulia Salim. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa amepewa dawa yoyote? Au alipakwa kitu?"

"Hina," nilisema.

Aliniambia hawezi kuapa kwa jambo la miaka mingi, mtoto hayupo na damu yake haikupimwa. Lakini hina, alisema, kwa mtoto mchanga wa namna hiyo hupenya ngozini na kufanya kazi ileile. Mtu mzima haimdhuru. Kidogo cha nyayoni pengine kisingetosha. Nilimuuliza, na tumbo na mgongo? Alitazama karatasi zake.

Nililia mpaka muuguzi akadhani Hamisi amefariki. Nilimlilia Salim upya. Na katikati ya kilio nilimuona Bi Mishi akishusha sufuria. Mimi niliyempaka mtoto ndimi niliyeitwa kutoa ushahidi, na aliyehukumiwa ni mwingine.

Mama alikuwa ameshafariki. Hakuwahi kulitaja tena jina la Bi Mishi.

Hamisi alipotoka hospitali nilikwenda Utange. Niliulizia mpaka nikaonyeshwa nyumba. Bi Mishi alikuwa ameketi ukumbini anachambua mchele, amekonda, leso ameivuta mpaka usoni.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilijitaja. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Binti yake, naye sasa bibi, alitoka na mjukuu wake mchanga begani kuja kuniamkia, na papo hapo Bi Mishi aligeuza uso ukutani, akajifunika. Binti alicheka kwa haya. "Mama haangalii watoto wachanga. Hata wangu hakuwaangalia, mpaka walipoanza kutembea. Tumemzoea."

Nilihisi nimepigwa. Miaka yote ile nilidhani sisi tu ndio tulioamini kwamba ana kijicho. Kumbe naye aliamini. Alijihukumu mwenyewe ndani ya nyumba yake, na kila mtoto aliyezaliwa alimuepusha na macho yake.

Nilipiga magoti mkekani nikamweleza yote, la Hamisi, la damu, la mlinzi dhaifu. "Unakumbuka wapishi wako, Bi Mishi? Waliomo damuni? Salim alikuwa amepungukiwa mmoja. Si jicho lako. Ni hina, na niliyempaka ni mimi."

Alichouliza kwanza sikukitarajia.

"Mamako alijua haya?"

"Alifariki kabla."

Alitikisa kichwa. Chozi lilimtoka, moja, akaliacha literemke. Nikasubiri anilaumu, nilitamani anilaumu. Alinishika kiganja, kitupu kisicho na rangi, akakigeuza.

"Hina ilitoka uani kwangu," alisema. "Niliitwanga mimi. Basi tulimpaka sote, mwanangu, na tulimpaka kwa kumpenda. Usiubebe peke yako."

Kisha alimwita binti yake. "Nipe huyo mtoto."

Binti alinitazama, kana kwamba anauliza mama yake ameshikwa na nini. Alimweka mtoto magotini pa Bi Mishi. Bi Mishi aliishusha leso mabegani. Alianza na vidole vya miguu, akapanda polepole, tumbo, kifua, shingo, mpaka akafika usoni na hapo hakuyaondoa macho.

"Mashallah," alisema, wazi, wote tukasikia. Halafu akarudia, kwa sauti ndogo, ameelekea upande wangu, na hiyo nilijua ni ya Salim.