Macho ya Bibi Ottilia

Hamphrey Ndunguru alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, na hakumchapia mtu alama ya biashara mpya kabla ya kulifungua, kuchukua kalamu na kuuliza swali lile lile: "Imeanzia wapi?"

Wateja walicheka. Mtu amekuja Mbinga mjini kuchapisha pakiti za asali, anataka picha ya nyuki na herufi za manjano. Habari za mwanzo zinamhusu nini fundi? Hamphrey hakulegeza. Umjibu, aandike, ndipo achanganye wino.

Kibanda chake kilikuwa mtaa wa nyuma ya stendi, mahali mabasi yanayoshuka ziwani yanapopasha injini asubuhi. Kazi alifundishwa na mafundi wa misheni angali kijana. Kitambaa chembamba hukazwa juu ya fremu ya mbao, kikazibwa kote isipokuwa pale penye picha, kisha wino husukumwa kwa kipande cha mpira upenye hadi kwenye karatasi, fulana au nailoni iliyo chini. Kila rangi ina fremu yake. Kwa namna hiyo alikuwa amechapa fulana za jubilei za parokia, magunia ya kahawa na vitambaa vya vikundi vya akina mama kwa miaka ishirini na sita, na alijivunia jambo moja tu, kwamba wino wake haufutiki.

Wino ulipokuwa ukikauka, alisimulia. Alijua kwamba Yamaha, ambayo wavuvi wa Nyasa huijua kwa injini za boti, ilianzia kwa fundi aliyetengeneza kinanda kibovu cha shule, na ndiyo maana alama yake hadi leo ni vyuma vitatu vya kupimia sauti. Alijua kwamba Peugeot walitengeneza visagio vya kahawa kabla ya magari, na wakulima wa Kimatengo walioketi kwenye benchi lake waliipenda sana hiyo. Nokia ilikuwa kiwanda cha karatasi. Samsung ilianza kwa kuuza samaki wakavu na tambi. Hata fedha alizijua: heller za Mjerumani, senti za tundu, na shilingi yetu wenyewe iliyoanza mwaka 1966. "Shilingi za mkoloni zilikuwa na kichwa cha mfalme," alipenda kusema. "Mfalme akafa, akazikwa kwao, lakini huku kichwa chake kikaendelea kununua chumvi."

Mwezi wa tatu alikuja Rodrick, mfanyabiashara wa usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaokaushwa ufukweni na kupandishwa milimani kwa magunia. Alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu visafi.

"Fundi, ile habari yako ya Samsung imeninyima raha," alisema. "Samaki wakavu! Na mimi nauza nini?"

"Samaki wakavu."

"Basi nichapie, na mimi niwe kampuni."

Daftari likafunguliwa. Rodrick alikuwa amejiandaa. Biashara, alisema, ilianzishwa na bibi yake mzaa baba, Ottilia wa Lipingo kule ziwani, mwaka 1958, akipanda milima kwa miguu na kikapu kichwani kuwauzia Wamatengo usipa. Pakiti ziandikwe "Usipa wa Bibi Ottilia, Tangu 1958", na sura yake iwe katikati. Akatoa picha.

Hamphrey aliisogeza mlangoni kwenye mwanga. Ilikuwa picha ya rangi iliyofifia, imekatwa kwa mkasi pande zote, umebaki uso na kipande cha lesi nyeupe. Mwanamke mzee, kichwa kimelala upande kidogo, macho yamefumbwa. Puani mlikuwa na pamba.

"Huyu amekufa," alisema.

"Si ndiyo? Siku nyingi! Ulitaka aje mwenyewe?"

"Nasema hapa pichani. Yuko ndani ya sanduku."

"Kaka, wazee wetu kule walipigwa picha lini? Ni siku ya msiba ndipo mpiga picha anaitwa. Sina nyingine. Mtoe pamba, mfumbue macho, kwisha kazi." Rodrick akamgonga begani. "Si wewe unayetuambia wafalme waliokufa walinunua chumvi? Mwache na bibi yangu auze usipa."

Waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko, na Hamphrey akacheka nao. Hapo ndipo alipokosea, na tusimtafutie udhuru. Ni kweli kwamba ng'ambo ya barabara palikuwa pamefunguliwa duka lenye mashine mpya inayochapa rangi zote kwa mkupuo, na benchi lake siku hizo lilikuwa na wasikilizaji wengi kuliko wateja. Lakini aliiona pamba. Aliona pia mkasi ulivyopita, karibu mno na uso, kama mtu anayeficha waliosimama kando ya sanduku. Mjukuu hakati hivyo. Aliyaona hayo yote, akaandika 1958 kwa mwandiko wake mzuri.

Alitengeneza fremu mbili. Ya rangi ya kahawia ilibeba uso jinsi ulivyokuwa, bila pamba. Ya rangi nyeusi ilibeba jina, uzito, mwaka, na macho. Macho hayo hakuwa na pa kuyanakili. Aliyachora kwa kubuni, akayakata kwa wembe. Wembe ukateleza kidogo, kope la kushoto likashuka kuliko la kulia. Akaliacha hivyo. Alipochapa pakiti ya kwanza kwa kahawia, mwanamke alilala mezani. Alipoishusha fremu nyeusi, akasukuma wino na kuinua, mwanamke alikuwa macho, akimtazama. Hamphrey alijikuta anataka kumwamkia.

Pakiti hiyo ya kwanza aliiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa Rodrick, kama alivyofanya kwa kila kazi, akalifunga.

Mwezi wa saba ukungu hukaa Mbinga hadi saa nne asubuhi, na watu huonekana kiunoni kwenda juu. Asubuhi moja ya namna hiyo Hamphrey alipita dukani kwa Mektilda kununua sabuni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Hivi, mmeamua kumlaza bibi yenu? Alipokuja alikuwa anatutolea macho, sasa kalala fofofo. Ndiyo mtindo mpya?"

Hamphrey aliangalia rafu. Pakiti za usipa zilikuwa tano, zimesimama. Nyuso tano za kahawia, zimelala upande kidogo, macho yamefumbwa. Alichukua moja akaigeuza kwenye mwanga. Jina lilikuwepo, jeusi tii. Uzito ulikuwepo. Palipokuwa na "Tangu 1958" pamebaki nailoni tupu, na juu ya kope hapakuwa na hata doa. Kando yake zilisimama pakiti za asali alizozichapa wiki ile ile, kwa kopo lile lile la wino mweusi. Alizisugua kwa kidole gumba. Wino wake haukutoka.

"Nani amezishika hizi?"

"Nani azishike? Usipa unanunuliwa, fundi, haupapaswi."

Alikwenda duka la pili, na la tatu. Katika la nne mwenye duka alifungua mbele yake boksi ambalo lilikuwa bado na gundi ya Rodrick mdomoni. Ndani mlikuwa na pakiti kumi na mbili zilizolazwa chali, zimepangana kama watu wa nyumba moja. Zote zilikuwa zimefumba.

Hamphrey alirudi kibandani, akakuta Rodrick anamsubiri kwa furaha. Alikuwa amepata wateja Ngaka, kwa mama lishe wanaowapikia wachimbaji na madereva wa malori ya makaa. Alitaka pakiti elfu tano, haraka. Kazi kama hiyo ingekiweka kibanda wazi hadi mwaka mwingine. Bila hiyo, Hamphrey alijua, angefunga kabla ya Krismasi.

"Ila wino wako safari hii uutie nguvu," Rodrick alisema. "Bibi anasinzia."

"Kaburi lake liko wapi?"

"La nani?"

"La bibi yako."

Rodrick alitazama nje, kwenye ukungu. "Lipingo huko," alisema. "Wewe chapa, fundi. Unauliza sana kama karani wa sensa."

Picha ya asili Rodrick hakuwahi kuidai. Ilikuwa bado imebanwa ukutani kwa pini. Jioni ile Hamphrey aliibandua, na nyuma yake akakuta maneno ya penseli ambayo hakuwahi kuyaangalia: "Mama. Irudi kwa Asteria."

Asubuhi alipanda basi la kushuka ziwani. Milima ya kahawa na ngolo, yale mashamba ya vishimo ya Wamatengo, ikabaki nyuma, joto likapanda, na aliposhuka akachukua bodaboda hadi Lipingo, ambako alielekezwa vilipo vichanja vya Asteria. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, ziwa limetulia kabisa. Ufukweni vichanja vya usipa vilikuwa vimejipanga, na juu yake samaki maelfu walikuwa wanakauka, kila mmoja na jicho lake dogo jeupe wazi kuelekea juu. Alipita katikati yake akiwa na mfuko mkononi, na kila alipogeuka aliona bado anatazamwa.

Mwanamke aliyekuwa akigeuza samaki kichanja cha mwisho aliinua kichwa, na Hamphrey akasimama. Macho aliyoyabuni mwenyewe kwa wembe, mezani kwake Mbinga, yalikuwa yanamtazama. Kope la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba. Umeona jini? Ni kope tu hili. Nimerithi kwa mama." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Wewe ndiye uliyetumwa kuirudisha picha? Maana Rodrick alisema anaipeleka Mbinga ikatiwe fremu ya kioo, kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Misa imepita. Kila akija kununua samaki nikimuuliza, anasema kesho."

"Rodrick si ndugu yenu?"

"Ndugu?" Asteria alicheka kidogo. "Ananunua usipa kwangu. Basi."

Hamphrey angeweza kutoa picha, kuaga na kuondoka. Alikaa chini kwenye mchanga, akamkabidhi picha, kisha akatoa pakiti, akaeleza yote tangu daftari hadi pamba. Hakujipunguzia kitu.

Asteria aliweka kidole juu ya macho yaliyofumba pakitini.

"Alikuwa anakutazama, hapa?"

"Ndiyo. Nilimfumbua mimi."

"Mwezi wa ngapi?"

"Wa tatu. Baada ya Jumatano ya Majivu."

Asteria akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akitafuta hesabu na sasa imekubali. "Mama alikata roho macho wazi," alisema. "Yalikataa. Tadea dada yangu alishindwa, mama mkubwa akashindwa. Nikaweka mkono wangu huu, nikakaa nao mpaka kukacha, ndipo yakafunga. Miaka kumi na minne alikuwa ametulia. Tangu mwezi wa tatu anakuja hapa mlangoni. Hasemi neno baya. Anauliza tu, nani ameniamsha? Nami nilikuwa sijui nimjibu nini."

Mawimbi madogo yaligusa mchanga, yakarudi.

"Nisamehe, mama."

"Mimi nitakusamehe. Lakini aliyeamshwa si mimi." Akairudisha pakiti mikononi mwa Hamphrey. "Na hiyo habari ya kuuza ni ya uongo pia. Mama hakuwahi kuuza samaki hata kiganja kimoja. Alikausha, akala na sisi, waliobaki akawapa waliokosa. Alisema ziwa halijamdai."

Hamphrey alirudi Mbinga. Kesho yake, kabla hajanywa chai, aliitoa fremu nyeusi, akaimwagia dawa na kuisugua kwa brashi hadi kitambaa kikabaki cheupe. Kisha akaitoa ya kahawia, akaifanya vivyo hivyo. Mkewe, Scholastica, alipomletea chai alimuuliza kama wamepata kazi mpya. "Tumekosa," alijibu, na Scholastica alimtazama, akaketi naye.

Rodrick alipoambiwa hakukasirika hata kidogo. Alivuka barabara kwenda duka la mashine. Lakini jioni akarudi, viatu vimejaa vumbi.

"Wale wana mashine, wanaweza kunakili," alisema. "Wanataka pakiti moja tu ambayo bibi yuko macho. Nimefungua maboksi yote nyumbani. Nimezunguka maduka yote. Hakuna hata moja." Alijaribu kucheka. "Ila wewe una ya kwanza. Humo kwenye daftari. Hiyo haijaguswa na mtu tangu mwezi wa tatu. Nipe hiyo, mambo yaishe."

Hamphrey alilitazama daftari. Ni kweli, halikuwa limefunguliwa ukurasa ule. Alilivuta, akalilaza mezani baina yao, akalifungua.

Pakiti ilikuwa mahali pake, bapa, safi kama siku ilipochapwa. Mwanamke wa kahawia alikuwa amelala. Na kwenye ukurasa ulioikabili, juu ya mistari ya mwandiko mzuri wa Hamphrey, pale pale alipoandika habari za kikapu na milima na mwaka 1958, palikuwa na macho mawili meusi, wazi, kope la kushoto limeshuka. Hayakuwa yakimtazama Hamphrey. Yalimwelekea Rodrick, na Rodrick alipohama upande wa pili wa meza, Hamphrey aliona uso wake, akajua yamehama naye.

"Lifunge," Rodrick alisema kwa sauti ndogo.

"Ulisema ni bibi yako. Mwamkie."

Rodrick alitoka kinyumenyume, akajigonga kwenye benchi, na sauti ya viatu vyake ikapotea kuelekea stendi. Hakuonekana tena mtaa ule, na Lipingo usipa wa Asteria hununuliwa sasa na watu wengine, kwa magunia yasiyo na sura ya mtu.

Kibanda kilifungwa mwezi wa kumi na moja. Hamphrey siku hizi huandika kwa brashi majina ya mabasi na milango ya maduka, kazi ndogo, akiwa amesimama juani. Lakini siku ile, Rodrick alipokwisha kuondoka, alichukua kalamu. Alipiga mstari juu ya habari yote ya 1958. Akangoja kidogo, kwa heshima, kisha akaandika chini ya macho yale, kwa herufi za wazi: "Ottilia, mama wa Asteria na Tadea, wa Lipingo. Hakuuza kitu."

Wino ulipokauka alitazama tena. Ukurasa ulikuwa na maneno peke yake.