Mama Mkwe Nje ya Dirisha

Kipupwe cha Tabora kisikieni kwa wenzenu. Mwezi wa saba upepo ukianza kuvuma, hata mbuzi wa Isevya wanatamani sweta. Mavuno yameshaingia ndani, mashamba yamelala, watu hawana kazi ila kuota moto na kusengenyana. Ndiyo maana mwalimu wangu wa masomo ya jioni, mama mstaafu mwenye sauti ya kuamsha maiti, akaanzisha mihadhara ya bure. Kila Jumamosi alasiri, katika darasa moja la shule ya msingi pale Chemchem, huja mtu anayejua jambo akatueleza: ufugaji wa nyuki, magonjwa ya macho, hati za viwanja. Kiingilio ni kuoga tu, mwalimu alitangaza, na wapo waliorudishwa mlangoni.

Hakuna aliyeipenda mihadhara ile kuliko mama mkwe wangu. Alifika kabla ya mwenye funguo, akakaa kiti cha mbele kabisa, kitenge kimemfunika mpaka masikio, matobolwa kwenye bakuli mapajani. Viazi vile vikavu alivitafuna polepole, na mhadhiri akisema uongo aliacha kutafuna. Wahadhiri wote walijifunza kulitazama taya lake.

Mimi nilikaa nyuma, nimejificha kwenye bega la jirani. Kwetu Wanyamwezi mkwe si mtu wa kutazamana naye usoni. Huli naye, hukai naye mkeka mmoja, na ukimwona anakuja kichochoroni unageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kwa heshima hiyo nimesahau vitu vya kujaza lori.

Shida ni kwamba mama huyu aliamini mimi ni mlevi. Siku nilizosoma masomo ya jioni nilikuwa nikirudi usiku kwa baiskeli, nikipita mbele ya nyumba yake, macho mekundu kwa usingizi, nikikariri somo kwa sauti ili lisinitoke. Taja mito mikubwa ya Afrika! Naitaja. Mara mbili niliutajia mto Kongo ndani ya ua wake wa mabua, na baiskeli juu yangu. Mke wangu alijitahidi kunitetea.

"Mama, mwenzangu anatoka shule."

"Hata baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anatoka kikaoni."

Nilipofaulu, mke wangu alimpelekea cheti akione. Akakigeuza huku na huku, akasema siku hizi hata vyeti vya kuzaliwa watu wananunua. Nami ningefanya nini? Mkwe habishiwi. Nikabaki msomi kwa dunia nzima na mlevi kwa nyumba moja, na nyumba yenyewe ndiyo iliyonizalia mke.

Basi Jumamosi moja ilikaribia, bwana misitu aliyepangwa kuzungumza akakwama safarini. Mwalimu akaja hadi dukani kwangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi unazungumza wewe. Wapagazi na njia ya misafara. Uliandika vizuri kwenye mtihani."

"Mwalimu, mkwe wangu hukaa mbele!"

"Ndiyo maana ujiandae vizuri."

Wiki ile sikulala. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: yule mama anisikie nikisema kitu kizima, nikiwa nimesimama wima, bila baiskeli. Lakini akikaa mbele yangu tutatazamana, na kutazamana ni aibu ya ukoo. Asipokuja, hatanisikia maisha.

Jumamosi ikafika. Darasa limejaa, watu wamekaa mpaka juu ya madawati, ila kiti cha mbele kitupu kama pengo la jino. Mkwe hakuja. Mke wangu yeye alikuwepo, amesimama kwenye dirisha la pembeni, ameegemea nondo, hanitazami. Nikadhani ananionea huruma.

Nikaanza. Nikawatoa wapagazi Kwihara, hapa hapa Tabora, na pembe za ndovu mabegani, nikawapitisha porini, na katika furaha ya kusema nikaongeza uzito wa pembe kidogo, labda mara tatu. Tulipofika Ugogo akainuka fundi cherehani wa mtaani kwetu, Mgogo. Wagogo ni watani wetu tangu enzi hizo za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukutukana hata msibani.

"Sema kweli wewe Mnyamwezi! Mlifika kwetu ndimi nje kama mbwa, mkatupigia magoti kuomba maji!"

"Na nyinyi mkatuuzia matope!"

"Mkayanywa!"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nami kuanzia hapo nikawaka. Nadhani walinisikia Kigoma. Nikawafikisha wapagazi pwani, nikawarudisha salama, nikakaribisha maswali.

Mke wangu akakohoa pale dirishani. "Mama anauliza."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Yupo hapa nje."

Kumbe alikuwa chini ya dirisha tangu mwanzo, kigoda kaegemeza ukutani, mgongo kanipa mimi, uso kaupa uwanja wa mpira. Darasa zima likageukia dirisha. Hata Mgogo.

"Anauliza, msafara ukichelewa kurudi na mvua zikaanza, shamba la mpagazi alilima nani?"

Nilikuwa nimesoma habari za pembe, za kanga, za hongo ya kupita nchi za watu, za magonjwa ya njiani. Za shamba, hakuna. Ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa kazi, ulishaanza kutunga jibu tamu. Nikamkumbuka yule aliyekuwa nyuma ya ukuta ule na taya lake.

"Mwambie mama, sijui. Sikulisoma popote. Nitatafuta."

Kisha kutoka nje ikaja sauti, anamwambia bintiye lakini kwa nguvu ya kusikika sokoni:

"Mlevi hasemi sijui! Mlevi anajua kila kitu, mpaka bei ya viwanja vya peponi. Huyu mtoto alikuwa shule kweli."

Watu wakapiga meza. Mgogo akalalamika kwamba sasa Tabora imebaki bila mlevi hata mmoja wa kutania. Mwalimu alijifanya anafuta ubao ambao haukuandikwa kitu.

Wakatoka wote, mimi nikabaki ndani. Nilimsikia anakunja kitenge, anabeba kigoda, anaondoka na bintiye wakibishana nani alilima. Nikangoja mpaka wavuke barabara, maana kwa furaha niliyokuwa nayo ningetoka mapema ningemkumbatia, na balaa la namna hiyo Unyamwezini haliponywi kwa ng'ombe mmoja.