Mji Ambao Kila Mtu Mgeni

Siku mama mkwe wangu alipofika Dubai naikumbuka kwa kelele, mwanangu. Watoto wangu wawili, Rukia na Hamed, walikuwa wameganda dirishani tangu asubuhi, na gari la baba yao lilipotokea chini ya jengo walipiga mayowe hata mlinzi akatoka kibandani kuangalia kuna nini. Likizo ya baridi imeanza, bibi yao amekuja kutoka Ibra, kwetu Omani, na mji mzima umepambwa taa. Ungekuwa wewe usingepiga mayowe?

Bi Zamzam, maana ndivyo tulivyomwita, alishuka na nusu ya Ibra. Tende kwa makatoni, halwa, mkeka wa kukunja, na dele lake la kahawa, ambalo alilipakata njia nzima asimwachie mtu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, binti yangu. Askari wa mpakani kaniuliza hiki nini. Nikamwambia kahawa, wataka? Kasema hapana, yuko kazini. Masikini."

Nilicheka na watoto, lakini nilikuwa na langu moyoni. Kabla Nasser, mume wangu, hajaenda kumchukua mama yake, nilimwambia wazi: likizo ikiisha, mama akirudi Ibra, mimi na watoto tunarudi naye. Yeye abaki na kazi yake, atakuja kutuona akipata ruhusa. Nasser alichukua funguo, akatoka, na mlango akaufunga polepole sana. Mume wangu akiumia hapigi kelele, anafunga milango polepole.

Nikwambie kilichonifikisha huko. Kwetu Ibra, ukihamia mtaa, huendi kugonga milango ya watu. Unatulia kwako, unaandaa fuwala, yaani tende, matunda na kahawa, na majirani waliokutangulia wanakuja wenyewe kukuona na kukuuliza habari. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na hivyo ndivyo nilivyofanya tulipohamia Dubai. Kila alasiri nilipanga sinia, nikavaa vizuri, nikakaa. Nasikia lifti inafunguka, nasikia viatu, nasimama, natengeneza mtandio. Viatu vinapita. Baadaye kidogo, mkabala na mlango wetu, ikahamia familia ya Kisudani. Niliwaona wakihangaika na kabati lao ukumbini, nikarudi ndani kulinda sinia langu. Tukikutana kwenye lifti, mama yule alinisalimia nusu nusu, nami nikamjibu hivyo hivyo. Miezi ikapita. Tende nikala mwenyewe, nikanenepa, na watu wa jengo lile nikawachukia, wallahi.

Lakini likizo ile, acha tu! Hewa ilikuwa nzuri, watu wote wako nje, kila barabara ina muziki na moshi wa mishkaki. Tulivuka hori la bahari kwa kiboti, Hamed akitaka kuendesha yeye. Tulitazama fataki mpaka shingo zikatuuma. Tuliingia kwenye ukumbi wa theluji ya kutengeneza, Bi Zamzam kavaa koti la kuazima juu ya abaya, viatu vikubwa kupita miguu yake. Aliokota theluji, akainusa, akamgeukia mwanawe.

"Nasser, umelipa watu watutie baridi? Si ungenipeleka mlimani, Jabal Akhdar, nikatetemeka bure?"

Kisha akamrushia bonge kifuani. Sijapata kumwona mtu mzima amefurahi namna ile, na mimi nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nahesabu siku za kuondoka. Nasser hakusahau. Nilimwona akiwatazama watoto kuliko alivyotazama fataki.

Kitu kimoja kilikuwa kikinitia haya. Bi Zamzam alizungumza na kila mtu. Pale mlangoni mwa jengo walikuwa wameweka mti wa plastiki umejaa taa, kwa ajili ya sikukuu ya Wakristo, naye akamuuliza mlinzi kwa dhati kabisa nani anaumwagilia. Mlinzi alicheka hadi akashika ukuta, na tangu hapo kila tukipita anamwamkia kama mama yake. Kwenye lifti ndiyo usiseme. Kutoka chini hadi kwetu juu, keshajua mtu ana watoto wangapi na anaumwa nini.

Basi alasiri moja alitoka kulala, akanikuta napanga sinia.

"Nani anakuja?"

"Hakuna, mama. Mazoea tu."

"Mazoea ya kumngoja nani?"

Nikamweleza yote, pamoja na shauri langu la kurudi naye Ibra. Nilitarajia anionee huruma. Bi Zamzam alikasirika.

"Ah-ah! Unawangoja wenyeji waje? Wenyeji gani? Mlinzi katoka Nepal. Wale wa juu Wafilipino, jana wamenionesha picha ya mama yao, wamemwacha mgonjwa. Huyu hapa mbele Msudani. Hapa kila mtu mgeni, binti yangu. Wote wamejifungia wanangoja mwenyeji awakaribishe, na wewe umekaa nao foleni!"

"Lakini mama, si adabu mimi mgeni nianze."

"Adabu hiyo ya Ibra, kwa sababu Ibra ina wenyewe. Hapa hakuna. Basi mwenyeji uwe wewe. Khalas, beba sinia."

Nilibeba. Chini, kando ya maegesho, palikuwa na kibustani ambamo sijapata kuona mtu amekaa. Bi Zamzam akatandika mkeka, akaweka dele, akaanza: "Karibuni! Tafadhalini!" Mwanangu, nilitamani ardhi inifiche. Mlinzi alikuwa wa kwanza. Wakaja Wafilipino na watoto wao, wamevaa nguo za sikukuu, wakaleta keki. Watoto wangu wakapata wa kucheza nao, wakawa wanazunguka mti ule wa plastiki. Halafu likaingia gari la jirani yangu Msudani, jina lake Mama Hiba. Akasimama na mifuko yake mikononi.

"Tafadhali, binti yangu, keti," Bi Zamzam akamwambia kwa Kiarabu.

Akaketi. Akanywa, akaomba tena, hata akatikisa kikombe kuonesha kwamba ametosheka. Kisha akanitazama mimi.

"Nilipohamia," akasema, "kila alasiri nilipika kahawa ya tangawizi nikakungoja. Wewe ulikuwa umenitangulia. Nikasema labda kesho atagonga. Mwishoni nikamwambia mume wangu, turudi kwetu, huku watu hawatutaki."

Kwa adabu ile ile niliyojivunia, mimi ndiye niliyetangulia, na mimi ndiye niliyetakiwa kugonga. Mama mwenzangu alikuwa amekaa nyuma ya mlango wake na kahawa yake, hatua chache tu kutoka kwangu, anataka kukimbia kama mimi. Nililia pale pale kwenye mkeka. Na yeye akalia. Bi Zamzam akatumiminia tena bila kutuuliza.

Siku ya mama kurudi Ibra, Nasser alipakia gari kimya, akapanda juu kuchukua vitu vya mwisho. Akatazama sebuleni, akatazama chumbani.

"Begi lako liko wapi?"

"Begi la nini? Leo alasiri nina wageni."

Alicheka, mwanangu, akashuka ngazi mbio kama mtoto, na mlango akauacha wazi.

Sasa wewe na mumeo mnahamia London, na umeniambia majirani huko hawana habari na mtu. Labda. Nami nakuusia hivi: usiwahukumu kabla hujawamiminia. Ukifika, usikae kungoja kukaribishwa. Gonga wewe, hata kama si zamu yako, na yule aliyehamia baada yako usimwache alale siku ya kwanza hajasikia sauti yako. Dele la Bi Zamzam, aliloniachia, hili hapa, lipakate, usilitie kwenye begi la chini ya ndege.

Mungu akupe afya, akupe watoto wenye kelele, na kahawa yako ipate wanywaji popote utakapotandika mkeka. Amin.