Tundu Katikati ya Ramani

Ofisini walimwita Mama Kalamu, maana kwa miaka mingi alichora ramani za mabomba ya maji kwa wino, na mistari yake ilinyooka kama iliyopigwa pasi. Kompyuta zilipoletwa, hakufukuzwa. Mkuu wake alimwambia tu aandike programu fupi ya kusoma ramani na kuonyesha nyumba zilizo nje ya eneo la mabomba, ili zipelekewe maji kwa lori wakati wa ukame.

Programu ikagoma. Jumamosi asubuhi akakaa nayo mezani nyumbani, chai imepoa, machozi yanamlengalenga. Mke wa kaka yake, mwalimu wa kompyuta chuoni, akavuta kiti.

"Unaomba nini hapo, wifi?"

"Nukta za mpaka. Ramani inasema haina!"

"Haidanganyi. Ramani ina matabaka. Tabaka la mabomba lina maumbo. Umbo lina mizingo, ile mistari inayozunguka na kujifunga. Mzingo ndio wenye nukta. Wewe umemrukia bibi, unamdai vidole vya mjukuu!"

Mama Kalamu akacheka hadi akajifuta macho. Wakashuka pamoja: tabaka, umbo, mzingo. Kila hatua wifi yake alimwacha aandike mwenyewe. Nukta zikaja.

"Mbona umbo hili lina mizingo miwili?"

"Wa nje ni mpaka. Wa ndani ni tundu. Eneo limelizunguka, lakini si lake."

Akautazama ule mzingo mdogo, akautambua. Ni kilima ambacho bomba halikuwahi kukipanda. Angesoma wa nje peke yake, kilima kizima kingeonekana kina maji.

"Mungu wangu, kule kuna watu!"

Akarekebisha programu papo hapo. Wiki iliyofuata lori lilipanda kilimani, naye akiwemo. Mwanamke mmoja mjamzito alijaza ndoo, kisha akachota kwa viganja na kunawa uso taratibu, macho amefumba. Mama Kalamu akageukia pembeni.

"Haya umejifunzia wapi?" mkuu wake akamuuliza aliporudi ofisini.

"Kwa wifi."

"Hii ya ofisini? Si inakatika kila saa!"

"Wa nyumbani, mke wa kaka. Huyo hakatiki."

Jioni alimkuta wifi yake akianua nguo, akamshika mikono yote miwili.

"Ahsante. Na ahsante zaidi kwa kutoniandikia."

"Nilijikaza, wifi. Vidole vilikuwa vinaniwasha!"