Mkebe wa Maziwa na Chupa ya Mafuta ya Samaki

Mwanangu wa pili alipovimba mashavu, mimi nilijisifu. Nasema ukweli, uzee umeniondolea haja ya kuficha. Nilimbeba mgongoni nikapita naye katikati ya soko la Malaba, pale mpakani, makusudi, watu wamwone. Uhuru ulikuwa bado mpya, na sisi wake wa vijana wenye mshahara tulitaka kuonekana tumeacha mambo ya kizamani. Mume wangu alipakua mizigo pale stesheni ya reli, na kila mwisho wa mwezi alileta mkebe wa maziwa ya unga. Juu ya mkebe palichorwa mtoto mnene, mwenye videvu viwili. Nikatazama mkebe, nikamtazama wangu, nikasema hawa ni ndugu.

Mkebe ule niliuweka juu ya kabati, mahali ambapo mgeni akiingia lazima auone. Mtoto nilikuwa nimemwachisha ziwa mapema kwa sababu nilishika mimba nyingine, na sote tulijua maziwa ya mama mja mzito humharibu anayenyonya. Kwa hiyo akawa anakula chakula cha kisasa: asubuhi mkate mweupe uliolowekwa kwenye chai, mchana maziwa ya mkebe, jioni mkate tena. Ili mkebe ufike mwisho wa mwezi, nilitia kijiko kimoja cha unga kwenye sufuria nzima ya maji. Yalitoka meupe. Mimi niliamini weupe.

Mama mkwe hakuamini kitu. Mimi ni Mluhya wa Nambale, nikaolewa kwa Wateso. Kiteso changu wakati huo kilitosha kusalimia tu, na yeye Kiluhya hakutaka hata kukisikia, basi tuligombana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake.

"Hiyo mtoto haichezi," aliniambia siku moja.

"Ameshiba, mama."

"Ameshiba nini? Iko kama gunia ya pamba. Ukiweka hapa, unaikuta hapa."

Nilidhani ni wivu wa mtu aliyelea watoto wake kwa uji wa wimbi. Lakini miguu ya mtoto nayo ikavimba. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zikawa nyekundu nyekundu kama ndevu za mahindi, na ngozi ya mapaja ikaanza kubanduka. Hapo nikashika njia hadi dispensari, upande wa Amukura. Foleni ilikuwa ndefu, na msaidizi wa daktari alikuwa na haraka. Alimtazama mtoto, akanipa chupa ya mafuta ya samaki, akasema kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akaita mwingine.

Sasa niambie, wewe uliyezaliwa kwetu: mafuta ya mtoto huenda wapi? Tangu azaliwe anapakwa samli mpaka ang'ae, na mtoto mkavu ni aibu ya mama yake. Na huyu ngozi ilikuwa inambanduka mbele ya macho yangu. Basi asubuhi nikampaka kijiko kimoja. Jioni nikampaka kingine. Nilisugua vizuri, hata kwenye nywele. Hakuna aliyetaja mdomo.

Nyumba ikanuka kama gati la wavuvi. Inzi wakahamia kwetu. Paka wa jirani alinifuata hadi kisimani, akitembea nyuma ya mgongo wangu huku akilia. Mume wangu alilala akiangalia ukuta.

"Wewe unapaka mtoto ama unataka kumkaanga?" mama mkwe aliuliza.

"Ni dawa ya daktari, mama."

"Daktari iko na paka?"

Nilicheka, lakini chupa ilipokwisha sikucheka tena. Mtoto hakuweza kukaa bila kushikwa. Alikuwa anatazama tu, na hata inzi akitua karibu na jicho hamfukuzi. Mtoto wa jirani aliyeanza hivyo hivyo tulikuwa tumemzika msimu wa palizi. Nikarudi dispensari nikiwa na hofu hiyo tumboni pamoja na mimba.

Safari hii nilimkuta sista mmoja, muuguzi wa makamo. Alimnusa mtoto kabla hajamgusa.

"Mama, hii harufu ni ya nini?"

"Ni dawa yenu, sista. Nimepaka yote."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akainua shati la mtoto, na kicheko kikakatika.

"Anakula nini?"

Nikamwambia kwa kiburi. Mkate. Chai. Maziwa ya mkebe.

"Maziwa unatia vijiko vingapi?"

"Kimoja."

"Kwa kikombe?"

"Kwa sufuria."

Akalishusha shati la mtoto. "Na wewe mwenyewe unafanya kazi gani?"

"Nauza pale Malaba. Mayai ya kuchemsha na njugu za kukaanga. Madereva wa malori wanazipenda, na watu wa treni."

"Njugu unatoa wapi?"

"Shamba la mama mkwe."

"Na mayai?"

"Kuku wetu."

"Huyu mtoto amewahi kuonja?"

Nilimshangaa. "Mayai? Mtoto?"

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alinionyesha ukuta wa dispensari, ambao upande mmoja ulikuwa wa udongo, akaniuliza kama nyumba husiribwa udongo kabla ya kusimamisha fito. Nikasema mtu mwenye akili hafanyi hivyo.

"Basi mafuta ya samaki ni udongo wa kusiriba," akasema. "Yana vitamini, ni mazuri kwa macho na mifupa, lakini yanywewe, na mwili uwepo wa kuyapokea. Kijiko cha mafuta hakijengi nyama. Maziwa ya mkebe yangejenga, lakini wewe unampa maji yaliyopakwa rangi. Mkate unajaza tumbo, basi. Fito za huyu mtoto unawauzia madereva."

"Atapona?"

"Akila, anaweza. Akiendelea hivi, mama, hii mimba yako haitamkuta."

Wajukuu wangu siku hizi hubishana mezani kwangu. Mmoja ananiletea vidonge vya vitamini, mwingine ananiletea boksi la nafaka tamu lililoandikwa kwamba madini yote yamo ndani. Wananiuliza kipi bora. Mimi shule niliacha darasa la tatu, hayo maandishi madogo siyawezi, lakini swali langu moja nalijua: umekula nini kabla ya hiki? Boksi la nafaka iliyonyang'anywa lishe kiwandani kisha ikarudishiwa kidogo, na kidonge kinachomezwa juu ya chai kavu, vyote naviona vinatafuta ukuta wa kushika.

Nilirudi nyumbani siku ile miguu ikiniuma, nikamweleza mama mkwe. Habari ya njugu haikumsumbua. Alizitwanga mwenyewe pamoja na simsim, akakorogea kwenye uji wa wimbi, na uso wake ulisema "nilijua". Shida ilikuwa yai. Kwao, na kwetu pia, yai na kuku ni vya wanaume. Mwanamke hali, na mtoto akila anakuwa mwizi.

Nilichemsha yai mbele yake.

"Unataka kuharibu mtoto wa mwanangu," akasema. "Itakuwa mwizi."

"Basi awe mwizi, mama. Mwizi anakimbia. Huyu hata kutambaa hawezi."

Aliinuka akatoka. Nilijua anakwenda kuwaita wazee wa ukoo, nikaendelea kumenya. Akarudi peke yake, na chumvi kidogo kwenye kiganja.

"Weka," akasema. "Hata mwizi hali kitu bila ladha."

Haikuwa siku moja wala mbili. Mtoto alitapika, akaharisha, tukaanza upya. Uvimbe uliposhuka nikaona ukweli wa mwili wake, mifupa tu, nikalia, kwa sababu unene niliokuwa nikiutembeza sokoni ulikuwa maji. Mafuta ya samaki alipewa tena, nikamtilia mdomoni. Wiki ya tatu nilichelewa na kijiko, akanipiga mkono. Mama mkwe alipiga kelele kama aliyeona ng'ombe aliyepotea.

Wiki chache baadaye, sista alinitazama tumbo, akasema na huyo wa ndani anajengwa, nami nile yai. Sikuweza kumwambia mama mkwe hilo. Kumlisha mtoto mgonjwa ilikuwa jambo moja, mwanamke mzima kula yai ni jingine, na wazee wangedai warudishiwe mahari kwa aibu. Basi nilikula nyuma ya jiko, moja moja, nikitazama huku na huku.

Siku moja nilisikia nyayo. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na maganda yalikuwa pale miguuni pangu, meupe kabisa. Alitazama uani kama kuna mtu anakuja. Kisha akachimba udongo kwa kidole cha mguu, akayasukuma ndani, akayafukia, akakanyaga mara mbili.

"Maliza," akasema, akasimama upande wa uani kunikinga nisionekane.