Mtoto Aliyebaki Misima

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara ya Handeni, mama yangu alikuwa hanijui. Zamani kidogo homa ilimpanda kichwani, akazinduka na kifafa, na akili yake ikarudi nyuma, ikagota kwenye utoto wangu: mimi kwake ni mtoto mdogo, wa kubebwa mgongoni. Nami nilikuwa nimeshavunja ungo.

Kila asubuhi namwamkia, shikamoo mama. "Marahaba. Wewe wa nyumba ipi?" Halafu anajitanda kanga na kushika njia ya kwetu kwa zamani, Misima, kumfuata mtoto wake aliyeachwa peke yake porini. Mtoto huyo ni mimi. Namrudisha huku analia, nami nalia kwa hasira.

Majirani walisema amechezewa na wachawi. Daktari wa Korogwe alisema ubongo una umeme wake, unakwenda kwa mawimbi, na mtu akilala mawimbi hayo huyaweka akiba mambo ya mchana. Ya mama yalikuwa yamevurugika, hayashiki jipya. Akatoa dawa ya kifafa, akasema tuwe na subira. Subira gani, na njia nzima ni pori la chui?

Mimi nilichoshika ni usingizi. Nikaulinda usingizi wa mama kama mboni ya jicho. Jirani akithubutu kutwanga mama amelala, namwendea kwa maneno hadi anauacha mchi. Kabla hajalala namshika mikono: mama, mimi ndiye, nimekua. Anaitikia, anatabasamu. Asubuhi: wewe wa nyumba ipi?

Siku moja nikachoka kumrudisha, nikamfuata hadi Misima. Nyumba yetu ilikuwa imeezuliwa, kuta zimebaki, nyasi zimeota jikoni. Mama akazunguka akiita jina langu la utotoni, sauti ikamkauka, akakaa chini akijipiga kifua. Sikuweza kuvumilia. Nikajificha nyuma ya ukuta, nikaitika, "Abee, mama."

Nikasikia ameacha kujipiga. "Upo, mwanangu?"

"Nipo."

"Umekula?"

"Nimekula."

Nikamsikia akishusha pumzi, akacheka kidogo. Tangu augue sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. "Basi njoo nikuone."

Nikaushika ule ukuta kwa mikono miwili, nisitoke. Nikitoka tu, ataniuliza mimi wa nyumba ipi.