Kitenzi Kilichobaki Shingoni

Juzi mjukuu wangu alikuwa akikariri Kiingereza mlangoni. Alipotamka "carry", nilisikia tena harufu ya maharagi mabichi na udongo uliolowa.

Siku ile ya utoto wangu, tukitoka shambani, dada yangu mkubwa, aliyekuwa likizo kutoka sekondari, alinipakia mgongoni kitunga cha maharagi na kunivalisha kamba yake kwenye paji la uso.

"Mu Kiingereza, kubeba njo 'carry'," aliniambia. "Ukitua kitunga mbele ya kufika nyumbani, utaisahau."

Alikuwa akitania. Mimi niliamini kwamba neno limelala humo ndani, chini ya maharagi, na nikikitua litabaki njiani. Mvua ilitukuta katikati ya mlima. Matope yalinivuta miguu, shingo ikawaka moto.

"Leta nikusaidie, mudogo wangu."

"Hapana! Iko yangu!"

Nilikitua miguuni pa Mama, penye moshi wa jikoni. Baadaye nilisoma vitenzi vingi vya Kiingereza nikiwa nimekaa kwenye benchi, na vyote vimenitoka.

"Koko, ile 'carry' inasemaka nini?" mjukuu aliniuliza juzi pale mlangoni.

Nilimletea kitunga, nikamwonyesha mlima.